Kazi za Michael Soi: ni sanaa ama katuni?

rangi_mtaani: Wasee niko na swali. Juzi nimeona mfuko wa turubai umechorwa kwa mkono, dada wa nywele za bluu na lipstiki nyekundu, nikaambiwa ni wa Michael Soi, kuuliza bei nikanyamaza. Sasa si hii ni katuni tu? Kivuli hakuna, rangi imepakwa bapa, sura zinafanana. Watu huona nini hapo?

nyambu_254: Ni katuni ndio na anajua, hapo ndio anakunasa. Jamaa ni wa Nairobi, kazaliwa 1972, babake Ancent Soi pia ni mchoraji, kwa hivyo usidhani kivuli kimemshinda. Hiyo rangi bapa na mistari mizito unaisoma hata ukiwa ndani ya matatu inakimbia, alafu ukisimama karibu ndio unaona mheshimiwa ako klabu na suti yake, mkono uko kiunoni kwa msichana, macho yanaangalia pembeni. Anachora Nairobi ya usiku, ile tunaijua wote na hakuna anataka itundikwe sebuleni.

kiti_cha_nyuma: Na China Loves Africa umeisahau aje? Picha kibao za Mchina na Afrika wakipendana, na unajua nani atalipa bili. Alafu 2015 kule Venice Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa huko Italia, banda la Kenya likajazwa wasanii wa China, watu wakapiga kelele hadi serikali ikajitoa, Soi akatoa picha zake Shame in Venice. Wengine wetu tulikuwa tunatukana tu onlaini.

rangi_mtaani: Hiyo ya Venice imenishika, sikatai. Lakini mfuko jamani? Picha unabebea sukuma?

nyambu_254: 😂 Beba tu. Picha kubwa inaishia kwa ukuta wa tajiri, mfuko unapanda matatu na watu wanauona bure.

mama_kazi: Mimi namuona anajirudia. Kila mwanamke kwake ni wa klabu, visigino virefu na kinguo, sisi wa kuamka saa kumi hatuchorwi.

kiti_cha_nyuma: Mama hapo uko sawa kiasi, lakini angalia tena ile picha ya klabu, pale kwa meza yenye chupa, kati ya huyo dada na mheshimiwa nani amechorwa mjinga?

mama_kazi: Mheshimiwa. Bado nataka nichorwe.