KERO: Mnaowatumia barua pepe wateja wapya, kichwa cha barua kiseme kazi!

Wakuu, habari za mchana.

Nina hasira na nitaandika nikiwa nayo. Ninashika mahesabu ya maduka kadhaa Kariakoo, mengi ya nguo na vyombo, na siku hizi kazi yangu imehamia kwenye simu. Mwenye duka anajisajili kwenye programu ya mauzo, anaingiza bidhaa zake, mimi naziona popote nilipo. Programu zenyewe nyingi ni nzuri. Kinachonitesa ni barua pepe anazotumiwa mteja wiki ya kwanza, hasa ule mstari wa juu, kichwa cha barua, ambao mtu anautazama kisha anaamua kufungua au kupita.

Juzi kampuni moja ya hapahapa mjini (siitaji, wenyewe wanajijua) imefuta akaunti ya mama mmoja mwenye duka la vitenge mtaa wa Kongo. Alikaa na binti yake jioni nzima wakiingiza mzigo, rangi kwa rangi, bei ya jumla na ya rejareja. Kisha barua zikaanza kumiminika. "Karibu kwenye familia yetu!" Ikafuata "Safari yako ya mafanikio inaanza leo". Ikaja "Tuna zawadi kwa ajili yako". Mwishoni "Usikose! Mwisho saa 10:00".

Haya niambieni, ipi kati ya hizo ilibeba linki ya kuthibitisha akaunti, ambayo usipoibonyeza akaunti inafutwa na vyote vilivyomo? Ni ile ya safari ya mafanikio! Linki yenyewe iko chini kabisa, baada ya picha ya vijana wanaicheka kompyuta. Na ile ya "usikose" ndiyo ilikuwa onyo la mwisho, imevaa sura ya promosheni.

Sasa njooni kwenye hiyo saa. Mama aliiona barua asubuhi akifungua duka. Akasoma saa kumi, akajua ni alasiri, kwa sababu Dar es Salaam nzima saa kumi ni alasiri. Mashine yao ilimaanisha saa nne asubuhi. Alipopunguza wateja na kukaa kufungua, adhuhuri ilishaingia na linki imekufa. Kampuni ya Kitanzania, inawauzia Watanzania, inaandika Kiswahili, na hakuna hata mmoja pale ofisini aliyejiuliza 10:00 inasomwaje Kariakoo? Andikeni "saa 4 asubuhi". Wekeni na siku yenyewe, Alhamisi au Ijumaa, maana "leo" na "kesho" zinapotosha barua ikikaa bila kusomwa.

Mama alinipigia sauti inatetemeka: "Mwanangu, hawa watu wamenitapeli." Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea akaniambia, "Dada, tulimtumia taarifa mara nne." Mara nne! Hamkumtumia taarifa hata mara moja. Taarifa ni kitu mtu akikiona anajua kinamhusu nini.

Watu wa masoko, nisikilizeni. Wateja wenu wanasoma kwenye simu. Huko kichwa hukatwa baada ya herufi 30 au 40 hivi, kutegemea simu na programu ya barua. Kwenye kompyuta mnaweza kupata 60 na kitu. Maneno yetu ni marefu. "Tunayo furaha kubwa kukukaribisha" ni herufi 33 ukihesabu na nafasi, na hapo hamjasema lolote. "Thibitisha akaunti kabla ya Ijumaa" ni 34, na mtu ameshajua afanye nini na mwisho wake lini, hata asipofungua. Nafasi ni ileile! Halafu kuna yale maneno ya kijivu yanayofuata kichwa. Mngeweza kuandika pale "Usipothibitisha, bidhaa ulizoingiza zitafutika". Nyie mmeacha "Kama huioni barua hii vizuri bonyeza hapa".

Hili halihitaji mtaalamu kutoka nje. Shuleni wote tuliandika barua rasmi: anwani, tarehe, halafu YAH: na jambo lenyewe kwa herufi kubwa, limepigiwa mstari. Karani wa masjala akitupia jicho YAH anajua barua iende meza gani. Hakuna aliyewahi kuandika YAH: KARIBU KWENYE FAMILIA.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi. Mji huu watu wameumizwa na matapeli wa simu. Kila mmoja wetu amepokea ile ya "ile hela itume kwenye namba hii". Tumewafundisha mama zetu kwamba ujumbe wenye haraka, zawadi na alama za mshangao wasiuguse. Kisha kampuni halali inakuja na zawadi, haraka na mshangao vyote kwenye mstari mmoja, tena kutoka kwenye anwani isiyopokea majibu, halafu inamlaumu mama kwa kutofungua. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Wapo wanaovuka hata hapo, wanatanguliza "RE:" ili uone kama mlikuwa mnaandikiana. Huo ni uongo, na Marekani sheria yao ya mwaka 2003 inakataza kichwa cha kupotosha kwenye barua za biashara. Hapa kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka ujumbe wa kibiashara ambao mtu hakuuomba utaje mwanzoni kabisa mtumaji ni nani na anataka nini. Mtasema huyu mama alijisajili mwenyewe. Ndiyo, na kwa hiyo anastahili pungufu ya asiyewajua?

Nilipombana, yule kijana alisema vichwa hivyo "vinafunguliwa sana". Mnapimaje? Kufunguliwa kunahesabiwa kwa kipicha kidogo kisichoonekana kinachopakuliwa barua ikifunguliwa. Tangu Septemba 2021, Apple wanaweza kupakua picha hizo wenyewe kwa wanaotumia programu yao ya barua, asome asisome, nanyi mnahesabu amefungua. Hesabuni waliothibitisha. Hesabuni waliouza bidhaa ya kwanza kwenye mfumo. Namba hiyo ndiyo inayonihusu mimi na mama.

Na kuchanganya promosheni na barua za lazima kutawarudia wenyewe. Mteja akichoshwa na zawadi zenu anabonyeza "taka", na kuanzia hapo hata risiti yake inaweza kuishia huko. Tangu Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa watumiaji wake wahakikishe malalamiko ya aina hiyo hayafiki asilimia 0.3, yaani barua tatu kwenye kila elfu.

Ninachotaka ni kidogo mno. Barua moja, kazi moja, na kazi hiyo ionekane kichwani. "Nywila yako imebadilishwa." "Risiti ya malipo ya Juni." "Ingiza bidhaa ya kwanza, dakika 5." Salamu za karibu wekeni ndani, hakuna aliyezikataa. Kama mteja alichagua Kiswahili wakati wa kujisajili, kichwa nacho kiwe Kiswahili. Nimeona barua kichwa Kiingereza na ndani Kiswahili, na dukani hakuna aliyeifungua. Na kabla ya kutuma, msomeeni kichwa peke yake mtu asiyefanya kazi kwenu, mlinzi wa geti au dada anayewaletea chakula, mumuulize barua hii inataka ufanye nini. Akibabaika, msitume.

NYONGEZA: Mkuu hapo chini unayesema mama alipaswa kusoma barua zote mpaka mwisho, naomba usimame dukani kwake Jumamosi moja tu, wateja wa mikoani wamejaa na dereva wa mkokoteni anapiga kelele apishwe, ndipo uje kuandika tena. Na wewe uliyeuliza kama bidhaa zimerudi: hazijarudi. Wamesema aanze upya. Kama kuna mtu humu anafanya kazi kwenye kampuni za namna hii, nijibu waziwazi: vichwa hivi anavipitisha nani kabla havijatumwa, na mteja aliyefutiwa mzigo kwa sababu ya vichwa hivyo aende kwa nani?