Mjadala: Asili ya binadamu kidato cha kwanza, ibaki au itolewe?

Baba Nasra: Assalaam alaykum. Mwanangu kaingia kidato cha kwanza, kaniletea kitabu cha historia. Mlango wa mwanzo kabisa ni asili ya binadamu, na ile picha tunayoijua sote: wa kwanza kainama kama nyani, wa pili kainuka kidogo, mpaka wa mwisho kasimama wima na mkuki mkononi. Kaniuliza, "Baba, chuoni tunasomeshwa Nabii Adam, skuli tunasomeshwa hivi. Kwenye mtihani niandike lipi?" Nimemwambia aandike anachotaka mwalimu, lakini roho haikutulia. Mie naona mada hii ingesogezwa mbele, mtoto akomae kwanza. Mwaonaje?

Kijana wa Darajani: Waalaykum salaam. Itolewe tu. Hiyo ni nadharia, wenyewe wanaiita nadharia. Na mie nina suali moja sijajibiwa tangu niko skuli: kama tumetokana na kima, mbona kima wa msitu wa Jozani mpaka leo kima? Wanangoja nini? Labda wa kijiji cha Pete, hapo jirani, ndio wameshaanza, maana ukipita na gari hujui yupi kima yupi mwenye shamba 😂

Mkwezi wa Pete: Kijana, umeshashiba urojo ndio unatukana watu wazima? Sisi wa Pete tumekukosea nini? Hao kima unaowachekea wewe, mie nalala nao na kuamka nao. Wanateremka alfajiri kundi zima, wanachuma vidaka vya minazi yangu, wanang'ata kimoja wanatupa viwili. Ukiwarushia jiwe wewe ndiye mhalifu. Ukilalamika unaambiwa andika barua. Sasa hapo nani hajawa mtu?

Mwalimu Mstaafu: Tustahiane jamani. Suali la kima nimeulizwa miaka yote niliyosomesha baiolojia, na linaulizwa vibaya. Hakuna anayesema mtu katokana na kima punju wa Jozani, wala na sokwe wa Gombe. Kinachosemwa ni kuwa sisi na sokwe tuna mzee mmoja, aliyeishi kiasi cha miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na yeye hakuwa mtu wala hakuwa sokwe wa leo. Wenye mkia, yaani kima, walishaachana na sisi zamani zaidi ya hapo. Kijana, una binamu yako Muscat? Babu yenu mmoja. Je, binamu yako yupo kule anangoja kuwa wewe?

Na nadharia kwenye sayansi si dhana ya barazani. Kwamba vijidudu huleta maradhi nayo ni nadharia, na unanawa mikono.

Kijana wa Darajani: Mwalimu, binamu yangu Muscat hata simu zangu hapokei, huyo kweli tumeshaachana ukoo 😂

Abuu Ilyas: Mwalimu, heshima yako ipo pale pale. Lakini miaka milioni 6 nani alikuwepo akahesabu? Hawa ndio hawa waliotuletea lile fuvu la Uingereza, kumbe kichwa cha mtu kimeungwa na taya la nyani. Dunia ikasomeshwa uongo miaka arobaini. Leo tena tuwaamini?

Mwalimu Mstaafu: Piltdown, ndiyo. Lilitangazwa mwaka 1912, likaumbuliwa 1953. Taya lilikuwa la orangutani na meno yamepigwa tupa. Lakini niambie, nani aliyeliumbua? Wanasayansi wenyewe, kwa kuyapima yale mafupa. Na walishaanza kulitilia shaka kwa sababu mafuvu ya kweli yaliyokuwa yakitoka Afrika hayakukubaliana nalo.

Mpenda Historia: Abuu, acha ya Uingereza. Sisi tuna letu. Zinjanthropus, fuvu la kale la Olduvai, 1959, Dokta Leakey. Jina lenyewe limetoka kwenye Zinj, yaani pwani yetu hii. Babu wa dunia nzima ana jina la Zanzibar, nyinyi mnataka atolewe kitabuni!

Mwanafunzi wa Tunguu: Aliyemuona ni Mary Leakey. Siku hiyo mumewe alikuwa kambini anaumwa. Halafu yule si babu wa mtu yeyote aliye hai. Meno makubwa, mataya mazito, tawi lake lilikatika zaidi ya miaka milioni moja iliyopita bila kuacha kizazi.

Mpenda Historia: Mie nilipata A kwa kumwita babu.

Mwalimu Mstaafu: Na wengi wamepata A namna hiyo. Kwa maoni yangu mada ibaki, picha ndiyo itolewe. Ile foleni inamfanya mtoto aamini kuwa mmoja anageuka mwengine mpaka anafika mwenye mkuki, na kwamba safari nzima ilikuwa inakuja kwetu. Haikuwa hivyo. Hapo hapo Olduvai, zama zile zile za Zinj, palikuwa na aina nyengine pia, Homo habilis. Aina mbili, bonde moja. Laetoli, si mbali na hapo, kuna nyayo za waliotembea kwa miguu miwili kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita, na bongo zao zilikuwa ndogo bado. Maana yake tulisimama kwanza, akili kubwa ikaja baadaye sana. Picha haisemi hata moja katika hayo.

Abuu Ilyas: Mwalimu anasema "tulisimama". Wewe ulisimama. Mie nimeumbwa nimesimama.

Mwanafunzi wa Tunguu: Sheikh, Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Kiislamu, zaidi ya miaka 600 iliyopita, alipanga madini, mimea, wanyama, kisha akamweka kima jirani na binadamu. Naye mumtoe?

Abuu Ilyas: Umemsoma au umesikia? Kupanga daraja si kusema huyu kamzaa yule. Bwana mdogo, usimtumie mwanachuoni wa watu kama fimbo.

Binti Chake: Mie ni muuguzi, sijui mafuvu. Najua watoto wa selimundu, maradhi ya damu ya kurithi. Mtoto akirithi kwa wazazi wote wawili ndio anateseka na maumivu ya mifupa. Akirithi kwa mmoja tu, anaishi salama, na malaria kali haimuwezi kirahisi. Ndio maana ile chembe ya urithi haikupotea kwenye nchi zenye mbu kama zetu: waliokuwa nayo upande mmoja walinusurika wakazaa. Basi wanaosema binadamu habadiliki, au kashaacha kubadilika, waje wodini.

Na nyinyi Waunguja, kila mada kima, kima. Pemba tuna popo wetu na bundi wetu wasiopatikana pahala pengine popote duniani, wala hatupigi kelele.

Kijana wa Darajani: Dada, kima mnao, wako msitu wa Ngezi huko huko Pemba. Tuliwapelekea sisi miaka ya 70. Semeni ahsante.

Binti Chake: Nani kawaomba? Kila Unguja ikiwa na mzigo inatuletea sisi.

Mkwezi wa Pete: Na wengine njooni mchukue. Nawapakia mie mwenyewe kwenye boti, nauli juu yangu.

Baba Nasra: Jamani, mtihani wa mtoto.

Mwalimu Mstaafu: Binti Chake kasema jambo zito, nanyi mmeshika la kima. Hata hilo la bundi lina sababu yake. Bahari ya baina yetu na bara ni ya kina kidogo. Zama za barafu maji yaliposhuka, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Pango la Kuumbi kule Jambiani wamefukua mpaka mifupa ya punda milia. Pemba mkondo wake una kina cha mamia ya mita, imekaa peke yake zamani mno. Ndege na popo waliofika kule wakazaana wao kwa wao mpaka wakawa wengine.

Kijana wa Darajani: Kwa hiyo Wapemba nao ni wengine kisayansi? 😂😂

Binti Chake: Wewe yakhe, mama yako mzazi ni wa Wete, Mpemba. Nakujua.

Mpenda Historia: 😂 Kimya Darajani!

Mwalimu Mstaafu: Watu ni tofauti, kijana, na hili nalisema kwa ukali kwa sababu wakoloni walilitumia vibaya. Binadamu wote waliopo ni aina moja, changa. Mafupa ya zamani kabisa ya aina yetu ni ya Morocco, kiasi cha miaka 300,000. Hakuna kabila lililo karibu na nyani kuliko jengine.

Mwanafunzi wa Tunguu: Narudi kwa Mkwezi. Miaka ya 90 kulifanywa utafiti kuhusu kima na minazi. Walikuta pale kima wanapokula vidaka, nazi zinazovunwa mwisho hazikupungua, hata zilielekea kuwa nyingi. Mnazi wenyewe hupukutisha vidaka usivyoweza kuvilea, kima anapunguza tu.

Mkwezi wa Pete: Naam? Kima ananisaidia kulima? Huyo mtafiti kalala kwangu usiku mmoja? Kesho atanambia mwizi wa kuku anazidisha mayai.

Mwanafunzi wa Tunguu: Mzee wangu, mie nasema walichopima wao.

Mkwezi wa Pete: Na mkaa je? Wanakula mpaka mkaa wangu wa kupikia. Hilo nalo lina faida?

Mwanafunzi wa Tunguu: Lina. Majani ya miembe na ya miti ya kungu yana sumu, mkaa unainyonya tumboni. Watoto wanajifunza kwa mama zao.

Mkwezi wa Pete: Basi anakula embe zangu, anakunywa dawa kwa mkaa wangu, halafu vidaka ndio kitafunio. Na mie ndiye ninayeambiwa bado kima.

Binti Chake: Ba'mkubwa, mkaa wa Pete siku hizi gunia kiasi gani? Huku Chake umepanda.

Mkwezi wa Pete: Gunia la mie au la kima?