Sensa ya Kirenio: nimjibu nini kijana wa kidato cha tatu?

Mlezi wa Vijana, Kondele
Bwana asifiwe. Nawalea vijana kanisani kwetu hapa Kisumu. Jumapili iliyopita tulikuwa Luka 2, mabati yamepata moto mpaka viti vya plastiki vinanata mgongoni. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono, daftari la historia limefunguliwa magotini. Akasema Yesu alizaliwa Herode akingali hai, na wanahistoria wengi wanaweka kifo cha Herode mwaka wa 4 KK. Lakini Luka anataja orodha ya watu iliyoandikwa Kirenio akiwa liwali wa Shamu, na hiyo ni ya mwaka wa 6 BK. Karibu miaka kumi imepotea. "Nani amekosea?"

Nilimwambia mambo ya Mungu hayapimwi kwa historia, tuendelee. Alifunga daftari polepole, akawa anatazama mlango mpaka tulipoomba. Tangu siku hiyo roho yangu haijatulia. Nilipaswa kusema nini?

Mwalimu Mstaafu, Vihiga
Mwanangu, nimefundisha historia miaka 31, na miaka hiyo yote nimesoma masomo kanisani. Kwanza mrudie umwambie amehesabu vyema. Wako wanaosema Kigiriki cha Luka chaweza kusomwa "kabla ya Kirenio", yaani kabla hajawa liwali. Mimi naona hapo wanalazimisha. Naamini Luka alichanganya tarehe.

Nyanya yangu alipokwenda kuandikiwa kitambulisho, karani alimuuliza alizaliwa lini. Akajibu, mwaka wa nzige. Karani akakisia mwaka, akaandika. Baadaye tulipoweka kitambulisho chake kando ya kile cha mdogo wake, ambaye nyanya alimbeba mgongoni akiwa msichana, tukakuta mdogo ndiye mkubwa! Hakuna aliyesema nyanya hakuzaliwa. Wazee wetu walifunga kuzaliwa kwa mtu kwenye jambo lililotikisa nchi, na sensa ya Kirenio iliitikisa Uyahudi kweli: ndiyo iliyozua uasi wa Yuda Mgalilaya, ambaye Luka huyohuyo anamtaja katika Matendo 5.

Kisha mpe yaliyo imara. Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika yapata mwaka wa 116 kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pilato, Tiberio akiwa kaisari. Mwaka wa 1961, kule Kaisaria, lilichimbuliwa jiwe lenye jina la Pilato. Watu walikuwa wamelifanya ngazi ya ukumbi wa michezo.

Lakini mimi husimama zaidi kwenye Wagalatia 1. Paulo anasema alikwenda Yerusalemu akakaa na Kefa, yaani Petro, siku 15, akamwona na Yakobo ndugu yake Bwana. Siku 15 nyumbani kwa mtu! Huyu alikuwa akiwatesa watu hawa, sasa anakula chakula chao, analala chini ya dari lao. Unadhani usiku taa ikizimwa hakumuuliza Kefa kuhusu ule usiku wa jogoo? Hakutuandikia. Ila tunajua aliongea na waliokuwapo, na barua hiyo hata wasomi wasioamini wanakubali ni yake.

Mpita Njia, Nakuru
Mwalimu, kwa heshima. Maneno ya Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, kuhusu Yesu yaliongezwa chumvi na Wakristo walioyanakili. Tacitus naye huenda alirudia tu yaliyokuwa yakisemwa mjini. Na jiwe la Pilato linathibitisha Pilato, halithibitishi kwamba maiti ilifufuka. Niliacha kanisa kwa sababu niliambiwa yote haya yamethibitishwa, nikaenda kusoma mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga
Ndugu yangu, pole, na waliokuambia hivyo walikukosea. Kuhusu Josephus, kitabu cha 18 cha historia yake ya Wayahudi kweli kimeguswa. Pale anapotaja kuuawa kwa Yakobo, katika kitabu cha 20, wasomi wengi wanapakubali. Juu ya jiwe umesema kweli. Ushahidi unanionyesha mtu aliyesulubiwa, na wenzake waliosema mapema sana kwamba wamemwona. Kutoka hapo sina karatasi. Nina usiku nilioomba wodini mke wangu akiwa hajitambui, na nani alikuwa nami humo najua. Siwezi kuliweka hilo mezani kama hati ya shamba, wala sitamwambia mtoto wa watu kwamba ni hati. Nalishikilia kwa moyo wangu wote.

Mlezi wa Vijana, Kondele
Nimerudi. Jana jioni nilimkuta sokoni Kibuye akimsaidia mamake kupima omena. Nikamwambia: ulihesabu vyema, mimi ndiye niliyekimbia swali. Hakusema neno. Alimalizia kumfungia mteja, akapangusa mikono, akatoa daftari mfukoni. Ukurasa uliofuata ulikuwa umeshajaa: Marko 16, mstari wa 9 hadi 20, kwa nini haumo katika Sinaiticus wala Vaticanus, nakala za Biblia za karne ya 4.

Mwalimu, nimemwahidi tutaanzia hapo Jumapili. Naomba nikupigie kesho jioni, nina mengi ya kuuliza kabla sijasimama mbele yao.