Mrejesho: Faida milioni 18, benki milioni 2

Wakuu, asanteni. Niliuliza inakuwaje kampuni ya kamba za katani hapa Tanga ionyeshe faida ya shilingi milioni 18 huku fedha benki zimeongezeka milioni 2 tu. Hesabu imekubali: chukua 18 (zote ni milioni), rudisha 3 za uchakavu wa mashine (haujatoa hata senti mfukoni), toa 12 za ongezeko la wadaiwa (fedha ambazo wateja hawajailipa kampuni), maana wamepanda kutoka 9 hadi 21, kisha toa 7 za ongezeko la mali ghalani. Inabaki 2.

Nilipokwama: nilitoa wadaiwa wote 21, ikaja hasi 7. Halafu wadaiwa si wadai (wale wanaoidai kampuni)! Wadai wakiongezeka unajumlisha; hapa hawakubadilika, na hakukuwa na mkopo wala mashine mpya. Inayofuata ni noti ya wadaiwa (maelezo yanayoambatana na hesabu): madeni yaliyovuka siku 90.