Tupeane uzoefu: kufunga kipoozeo cha prosesa na kuunga feni kwa joto na chumvi ya kwetu

Fundi_Michenzani
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Kaskazi imeingia na joto lake, na kompyuta za mezani zinaletwa kwangu kwa lalamiko lile lile: inawaka vizuri, ukianza kazi nzito inajizima. Mwenyewe keshaambiwa prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, imekufa, anunue nyengine. Nikifungua, mara nyingi prosesa ni nzima. Kipoozeo, kile chuma chenye feni kinachokaa juu ya prosesa kuitoa joto, ndicho hakikukaa, au feni imechomekwa pasipo pake. Inaniuma kuona mtu anatolewa pesa kwa kitu kizima. Aliyewahi kufunga mwenyewe, au kumsimamia fundi, atueleze alichokikuta.

Naanza mie. Juzi imeletwa mashine ya kituo cha tuisheni, prosesa ya Intel na kile kipoozeo cha duara kinachokuja nayo, chenye miguu minne ya plastiki. Ukikitazama kwa juu, kimekaa sawasawa. Nilipoitoa madabodi, ile bodi kubwa inayobeba prosesa, na kuigeuza, miguu mitatu imetanuka vizuri kwa nyuma, wa nne ncha yake imekunjika, haikupita tundu. Upande mmoja ulikuwa umenyanyuka kidogo tu, na hicho kidogo kinatosha: joto lilikuwa linafika nyuzi 100.

Miguu ile ina utaratibu wake. Zungusha vichwa vyote kinyume na mshale uliochorwa, maana mshale ni wa kufungulia. Hakikisha ncha zote nne zimeingia matunduni, kisha bonyeza miwili inayotazamana kwa pembe, kwa pamoja, mpaka isikike “tak”. Halafu miwili iliyobaki. Ukianza na ya upande mmoja, wa pili unanyanyuka. Na funga madabodi ikiwa nje ya kasha, uweze kuchungulia nyuma yake. Hapo nyuma ndipo penye ukweli, si juu.

Binti_Wete
Waalaykumu salaam kaka fundi. Mie natumia prosesa ya AMD ya soketi ya AM4 (soketi ni pale prosesa inapokaa kwenye madabodi), na huko hatari iko kwenye kutoa kuliko kufunga. Pini 1,331 ziko kwenye prosesa yenyewe. Pesti, ule ute unaopakwa kati ya prosesa na kipoozeo ili joto lipite, ikikauka inaigandisha prosesa na kipoozeo, ukikivuta juu kwa nguvu prosesa inang'oka nacho hata kama kijiti cha soketi kimefungwa, na pini zinapinda.

Mdogo wangu keshakishika akivute, nikamwambia ngoja. Tukaiwasha, tukaiacha ifanye kazi mpaka ikapata moto, tukazima na kuchomoa waya ukutani. Tukalegeza skrubu kwa mkingamo, kila moja kidogo kidogo, kisha tukakizungusha taratibu, kulia, kushoto, mpaka kikaachia chenyewe. Pesti ya zamani tuliifuta kwa spiriti na kitambaa kisichotoa manyoya. Mpya tulitia katikati, kiasi cha punje ya mbaazi. Kipoozeo chenyewe kikikazwa kinaisambaza.

Kijana_wa_Micheweni
Samahani wakubwa zangu. Pesti huku siipati. Nimeambiwa dawa ya meno inafaa. Kweli?

Fundi_Michenzani
Usitie, mwanangu. Mwanzo utaona joto limeshuka ukafurahi, kwa sababu ina maji. Maji yakikauka unabaki na unga mkavu, na joto linarudi. Muagize mtu anayekuja na boti akuletee bomba dogo la pesti, linatosha mashine zaidi ya moja.

Mhariri_Mbweni
Mie nahariri video za harusi, mashine inasaga usiku kucha. Niliongeza feni na joto halikushuka hata kidogo. Kumbe aliyenifungia aliweka ya mbele na ya nyuma zote zinaingiza upepo ndani, hewa moto haina pa kutokea. Feni ina uso ulio wazi na mgongo wenye vijiti vinavyoshika mota. Upepo unaingia usoni, unatokea mgongoni. Niliigeuza ya nyuma, nikashika kipande cha tishu karibu yake: kikapeperuka kwenda nje. Basi, kazi ikatengenea.

Feni ya kipoozeo nayo aliichomeka palipoandikwa SYS_FAN, pahala pa feni za kasha. Kila nikiwasha, mashine inalalamika haioni feni ya prosesa, nibonyeze F1. Nimesoma yale maandishi madogo kwenye madabodi kwa tochi ya simu, nikaihamishia CPU_FAN, pahala pa feni ya prosesa, ujumbe ukaondoka.

Kuhusu waya: kwenye feni ya waya nne, mmoja ni wa ardhi, mmoja wa volti 12, mmoja wa kuhesabu mizunguko, wa nne wa kuamuru kasi. Feni ya waya tatu inaingia kwenye pini nne bila tabu, ila kasi yake upange kwa volti ndani ya BIOS (ukurasa wa mipangilio ya madabodi unaofunguliwa mashine inapowaka), la sivyo itakwenda mbio muda wote. Ukiunga feni mbili pahala pamoja, jumlisha ampea zilizoandikwa migongoni mwao. Viungio vingi vya madabodi mwisho wake ni ampea 1.

Mwalimu_Mkoani
Kompyuta za skuli yetu ziko chumba kinachotazama bahari. Chumvi na vumbi vinashikana kwenye mapezi ya kipoozeo mpaka upepo haupiti, na skrubu zinashika kutu. Tunasafisha kila likizo, kwa brashi laini na bulowa, mashine ya kupulizia upepo. Wanafunzi nawasisitiza washike panga la feni kwa kidole wakati wa kupuliza, lisizunguke ovyo likaumiza mota. Na tumezinyanyua zote kutoka sakafuni. Hilo peke yake limepunguza uchafu kuliko jengine lolote tulilofanya.

Dereva_Chake
Yangu ni ya mtumba, ya ofisini. Feni imekufa, nimenunua ya kawaida, kichomekeo hakiingii kabisa. Nikate waya niunge?

Fundi_Michenzani
Usikate kwanza, yakhe. Mashine nyingi za ofisini zina kichomekeo cha namna yake na mpangilio wa waya wake. Ukiunga kwa kufuata rangi tu unaweza kuunguza madabodi. Itoe feni iliyokufa, ipige picha mgongoni panaposomeka namba, na kichomekeo kwa karibu, uziweke hapa. Kuna mashine mbovu za aina hiyo dukani kwangu. Ikilingana nakupa na boti ya kesho.