Simbali ya kuning'inia: sauti inalipuka mapema kabla ya kilele

uzi_laini: Habari wakuu. Napiga vyombo vya midundo kwenye okestra ya vijana. Kuna mahali muziki unapanda kwa bari nne (vipimo vinne vya mapigo) hadi kilele, na upandaji huo wote uko kwenye simbali yangu, ile sahani ya chuma iliyoning'inizwa kwenye stendi. Natumia maleti (fimbo zenye kichwa laini) za timpani, zile ngoma kubwa za okestra, juu ya kreshi, yaani simbali ya mlio mkali, ya inchi 18. Mwanzoni inasikika "tu-tu-tu", bari ya pili sauti inafumuka, na tukifika kileleni sina tena cha kuongeza. Niongeze kasi ya mikono?

pembezoni: Hapana, ipunguze. Simbali ikiwa bado inatetema polepole, mapigo ya haraka yanaubana mtetemo badala ya kuulisha. Piga moja moja, kulia kushoto, bila kudundisha. Sauti ikianza kuungana yenyewe, ongeza uzito wa mkono. Kasi ifuate kidogo tu.

Piga kwenye ukingo, kushoto kabisa na kulia kabisa, pande zinazotazamana. Ukirundika mapigo yote upande mmoja simbali inayumba. Legeza na nati ya juu, wengi huikaza mno.

Hiyo "tu" ya kwanza inatoka kwenye chuma kilicholala. Kabla ya zamu yako iguse kwa maleti, kwa wepesi ambao hata jirani yako hasikii. Ikishaamka, itaingia bila kishindo.

Sasa kilele. Ule mng'ao mkali wa juu hauji papo hapo na mkono. Nguvu unayotia huingia kwanza kwenye mitetemo mizito ya chini, kisha ndiyo inapanda hadi ile myembamba, na safari hiyo ina muda wake. Kwa hiyo bari tatu za mwanzo kaa chini sana, chini kuliko unavyodhani, halafu mimina karibu kila kitu kwenye hesabu mbili za mwisho za bari ya nne. Sehemu hii naipenda kuliko solo yoyote ya drams: mtu mmoja, bila hata noti moja ya wimbo, anaibeba okestra nzima hadi juu.

kibuyu_cha_sauti: Naongezea: achana na maleti za timpani. Ukingo wa simbali unakata ile feliti (kitambaa kinachofunika kichwa cha maleti), na mwenye timpani atakununia kwa haki kabisa. Tumia za marimba au vibrafoni (ala za vibao vya kugonga) zilizozungushiwa uzi, za ugumu wa kati. Zina uzito wa kuiamsha simbali na bado mguso wake ni laini.

uzi_laini: Asanteni sana. Na kileleni niikamate ili inyamaze au niiache?

pembezoni: Karatasi yako ya muziki ndiyo inayoamua. Ukiona kitao kidogo kinachotoka kwenye noti na kuishia hewani, iache ilie mpaka ife yenyewe. Pakiwa na kituo, yaani alama ya kunyamaza, bana maleti kwenye viganja na ushike ukingo kwa vidole vya mikono yote miwili kwa pamoja. Mkono mmoja hautoshi kwa inchi 18 iliyofikia kilele, utabaki mkia wa sauti.