Mjadala: Msimbo wa zamani kwenye kerneli ya Linux ufutwe, au uachwe kwa ajili ya wachache?

Mtoa mada:
Wakuu, msimamo wangu ni huu: msimbo usio na mtu wa kuutunza wala kuujaribu utolewe kwenye kerneli (kiini cha mfumo endeshi), hata kama bado unakompailika. Hoja ninayokutana nayo kila mara ni "mbona haumsumbui mtu?" Unasumbua. Tazameni DCCP, itifaki ya mtandao ambayo karibu hakuna aliyeitumia. Mwaka 2017 ilibainika ina hitilafu iliyojificha humo zaidi ya miaka 10. Mtumiaji wa kawaida akifungua soketi (mlango wa mawasiliano) ya DCCP, kerneli inapakia yenyewe moduli, yaani kipande cha msimbo wa itifaki hiyo, na hapo anapata upenyo wa kujitwalia mamlaka ya rooti, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Waliokuwa hatarini hata jina la itifaki hiyo hawajawahi kulisikia! Imekuja kuondolewa mwaka 2025, toleo la 6.16.

Kuna na mzigo wa wasanidi. Prosesa ya 386, ya zamani ya Intel, haikuwa na amri ya CMPXCHG (ya kulinganisha na kubadilisha thamani kwa mkupuo), na haikuheshimu ulinzi wa kurasa za kusomwa tu pale kerneli yenyewe ilipoandika. Aliyegusa usimamizi wa kumbukumbu ilibidi aifikirie, mpaka ilipoondolewa kwenye toleo la 3.8, mwaka 2013.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kwa DCCP sikupingi. ReiserFS je? Ule ni mfumo wa mafaili, una data za watu ndani, na umefutwa toleo la 6.13, Januari 2025. Mwenye diski ya zamani afanyeje? Ukimwambia abaki na kerneli ya zamani, unamwachia matundu ya usalama.

Mtoa mada:
Si kwa kazi za kila siku. Toleo la 6.12 bado linasoma ReiserFS. Aliwashe kwenye mashine pepe isiyo na mtandao, anakili mafaili yake, basi. Na tahadhari ilitolewa tangu 2022. Ila nakubali, mifumo ya mafaili ipewe muda mrefu kuliko draiva.

Mchangiaji wa pili:
Umri usiwe kigezo, ndugu zangu. m68k (familia ya prosesa za Motorola) ni ya kale kuliko Itanium (prosesa za Intel), lakini iliyoondolewa kwenye toleo la 6.7 ni Itanium. M68k ipo kwa sababu wapo wanaoitunza. Linalonikera ni hili neno "hakuna anayetumia". Nani amepima? Watumiaji wengi hawafuatilii majadiliano ya wasanidi, wanajua siku wanayosasisha na kifaa kikagoma. Mtoa mada, hao unawahesabuje?